Nyumba ya Shangazi: maonyesho ya kwanza yamekwisha, watazamaji wamejibu

Awamu ya kwanza tumeimaliza wikendi hii, na daftari langu limejaa maneno ya waliokaa vitini kuliko ya waliosimama jukwaani. Kwa wasioufuatilia mchezo huu wa jukwaani: binti anarudi Mji wa Kale wa Mombasa kutoka Nairobi na karatasi za kuuza nyumba ya marehemu babu yake, ilhali anayeishi humo ni shangazi yake, ndiye aliyemlea. Mlango wa nakshi pekee umeshapata mnunuzi.

Nianze na leso. Binti ametandaza karatasi mezani, Shangazi anaingia bila kusema neno. Anageuka kuchukua birika, na jina la leso, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, linaelekea ukumbini: MTOTO UMLEAVYO NDIVYO AKUAVYO. Upande wa akina mama ukalipuka. “Eee! Mpe!” Wanaume wakabaki kutazamana, mzee mmoja akamuuliza mkewe kwa sauti kumetokea nini. Leso hiyo tuliisaka Biashara Street asubuhi nzima, duka hadi duka, kwa sababu mwigizaji wetu aliikataa katakata ile ya kuazima iliyoandikwa mambo ya mapenzi. Alisema mwanamke wa hapa hajifungi jina asilolikusudia mbele ya mtu aliyemuudhi. Alijua alisemalo.

Mlangoni, mama mmoja akanishika mkono akaniambia Shangazi hamsemi binti, anajisuta mwenyewe, kwani mlezi si yeye? Tangu hapo sijaacha kuifikiria kauli hiyo. Nimeyakata maneno yote ya lawama yaliyofuata. Sasa Shangazi anamimina chai, anamsogezea binti kikombe, basi.

Kwenye kutia saini, sauti ilitoka nyuma: “Usitie, mwanangu!” Binti akasimamisha kalamu, akatazama kule ilikotoka, kisha akatia. Ukumbi mzima ukaguna. Baadhi ya wenzangu wanataka tuwaombe watu wanyamaze, kama kwenye mashindano ya drama ya shule. Mimi nakataa. Huu ni mji wa Muyaka bin Haji, aliyejibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu zama za utawala wa Mazrui. Mtu wa Mvita, yaani Mombasa, akisikia neno linalomgusa, hulijibu. Kazi yetu ni kujifunza kungoja, jibu lishuke ndipo mstari unaofuata utoke. Mazoezi ya wiki hii ni hayo hasa.

Mapumziko tumeyaondoa. Tunaanza baada ya Isha, na wa Likoni huanza kutazama saa mapema wakifikiria feri na matatu za ng’ambo. Feni nazo zinameza sauti za waigizaji, lakini kwa joto hili hakuna wa kuzizima.

Lililobaki ndilo zito. Kila usiku, baada ya onyesho, alitokea mzee wa kuuliza: “Nyumba hiyo si wakfu?” Maana kwa sheria ya Kiislamu, ikiwa babu aliiweka wakfu, haiuzwi, hairithiwi, wala haitolewi zawadi, na karatasi za binti hazina kazi. Vijana waliotoka Kisauni walibisha kwamba haki ya mrithi ni haki yake, na kwamba Shangazi naye ana fungu lake kama binti wa marehemu, nusu ya fungu la mtoto wa kiume. Wakabishana hadi nje barabarani, na mimi nimesimama kati yao naandika. Sikutaraji mchezo wangu uwafikishe huko, na nimefurahi mno.

Kwa hiyo naandika onyesho jipya: Shangazi anafungua kasha la babu kutafuta hati, binti akimmulikia kwa simu. Kama hati imo au haimo sijaamua. Kwanza nakwenda kumsikiliza mzee mmoja ajuaye mambo ya mirathi, nisije nikamtia Shangazi kinywani jambo ambalo sheria hailikubali. Kasha tumeshaahidiwa na jirani, ila bawaba moja imelegea na fundi hajaja.