Asubuhi ya Salenko

Kwa wiki nzima nilikuwa na Salenko watatu, na hakuna aliyemtaka hata mmoja.

Mwaka ulikuwa 1994, Kombe la Dunia likichezwa Marekani, nami nilikuwa na miaka 11 na boksi la viatu lililojaa kadi za wachezaji. Zilikuwa kadi ngumu, picha mbele, maelezo nyuma, na pakiti mpya ikichanwa ilitoa harufu ya wino iliyochanganyika na ya chingamu iliyolazwa humo pamoja nazo. Chingamu yenyewe ilikuwa kavu kama kigae na utamu wake uliisha kabla hujahesabu hadi ishirini. Tuliitafuna kwa heshima tu.

Pakiti sikuwa naichana hovyo. Nilikuwa naikata pembeni kwa mkasi, natoa kadi zikiwa kifudifudi, nazipanga kitandani, halafu nazigeuza moja moja. Dada yangu aliona ni wazimu. Lakini kadi ambayo hujaigeuza inaweza kuwa mtu yeyote: Baggio, Romário, Hagi. Ukishaigeuza, basi, ni Salenko. Wa tatu.

Kadi uliyonayo zaidi ya moja tuliiita dabo, na dabo ndizo zilizokuwa fedha yetu. Tatizo ni kwamba fedha hiyo haikuwa na thamani moja. Romário mmoja alikuwa sawa na wachezaji wanne wa kawaida. Kipa alikuwa nusu mtu, isipokuwa awe amevaa jezi ya rangi za kushangaza kama Jorge Campos wa Meksiko, ambaye alipanda bei kwa nguo zake tu. Na Oleg Salenko, mshambuliaji wa Urusi, nywele za kawaida, uso wa kawaida, alikuwa kama sarafu iliyotoboka. Nilijaribu kumweka kama nyongeza kwenye mabadilishano nikaambiwa, "Huyo baki naye." Mmoja wao niliishia kumtumia kwenye mchezo wa kupindua, ule wa kupiga kadi kwa kiganja mpaka zigeuke, na kona zake zikalegea kama masikio ya mbwa.

Niliandika kila kitu. Nilikuwa na daftari dogo lenye mistari: jina, timu, idadi, niliipata kwa nani, nilitoa nini. Mali bila daftari hupotea bila habari, alikuwa akisema baba, ingawa yeye alikuwa na maana ya mambo mengine kabisa na kadi zangu aliziona kama takataka za karatasi. Aliwahi kuupenda mpira. Wakati huo alikuwa na miaka 40, goti lilikuwa likimsumbua, na ukimwuliza kuhusu mechi alijibu, "Hayo ni yenu sasa, sisi tumeshazeeka." Alisema hivyo mara nyingi mno mwaka ule.

Kadi niliyoitaka mimi ilikuwa moja: Roger Milla.

Nilikuwa na miaka saba wakati wa Italia 1990, na katika mashindano yale yote ninachokumbuka kwa macho yangu ni mambo mawili. La kwanza, Higuita, kipa wa Kolombia, akiwa nje kabisa ya lango lake na mpira miguuni, anataka kumpiga chenga Milla, Milla anamnyang'anya na kwenda kuutumbukiza kwenye goli tupu. La pili, Milla huyohuyo akikimbilia kibendera cha kona, mkono mmoja tumboni, kiuno kinazunguka. Alifunga mabao manne mwaka ule na Kameruni ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali. Niliicheza ngoma ile nyumbani mpaka nikaangusha taa.

Milla mmoja tu alikuwepo miongoni mwetu, naye alikuwa mikononi mwa Benki.

Benki ni jina tulilompa sisi. Alikuwa amenizidi miaka miwili, na kadi zake alizipanga kitimu, kila timu na mpira wake wa manila, zote ndani ya kopo la biskuti. Hakuwahi kukopesha. Ukitaka kutazama kadi yake, aliishika yeye kwa kingo, kwa ncha za vidole, ukatazama kutoka alipo. Mimi nilikuwa nimekwenda kwake mara tatu kumwomba Milla, na mara zote alinitazama kama mnunuzi anavyomtazama mbuzi mgonjwa mnadani. Alitaka Romário na Baggio kwa pamoja. Romário sikuwa naye.

Basi ikafika tarehe 29 Juni. Mechi za usiku uliotangulia sikuziona. Nilikuwa nikipiga mswaki huku redio ikisoma matokeo, nikasikia Urusi sita, Kameruni moja. Moyo ukashuka. Halafu mtangazaji akaanza kutaja wafungaji: Salenko, dakika ya 15. Salenko, ya 41. Salenko, ya 44, kwa penalti. Nilidhani amekwama kwenye mstari mmoja. Akaendelea: Milla, ya 46. Salenko, ya 72. Salenko, ya 75. La sita nilipata habari zake baadaye, kwa sababu tayari nilikuwa chini ya kitanda, povu mdomoni, navuta boksi.

Mabao matano katika mechi moja ya Kombe la Dunia. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake.

Nilipofika kwa wenzangu sikuhitaji kusema kitu. Walikuwa wananisubiri. Wale wale waliosema "baki naye" walikuja na dabo zao zimeshikwa kama karata, kila mmoja ananiita pembeni kwa sauti ya chini, mmoja hata alinishika bega kana kwamba tulizaliwa tumbo moja. Utu uzimani nilisoma kwamba Sy Berger, mtu wa kampuni ya Topps ya Marekani, alisimulia jinsi mwaka 1960 walivyopakia kwenye mashua kadi za besiboli za 1952 zilizododa ghalani na kwenda kuzimwaga baharini, na kwamba kadi ya Mickey Mantle ya toleo lile iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 12.6. Nilicheka peke yangu. Niliijua hisia ile. Mimi pia karibu ningewatupa Salenko wangu.

Yule wa kona zilizolegea nilimtoa kwa kadi sita. Sita! Wa pili niliamua kumzuia. Wa tatu, aliye safi kuliko wote, nilimtia kwenye mfuko wa shati na kwenda kwa Benki.

Hakunitazama kama mbuzi mgonjwa. Alilifungua kopo mwenyewe kabla sijasema neno.

"Salenko kwa Hagi," akasema.

"Milla."

Akadhani sijasikia vizuri. Akaeleza taratibu, kama mtu mzima: Hagi ni nyota, Rumania bado wamo mashindanoni, Kameruni wametolewa na wanarudi nyumbani, na Milla ana miaka 42, atakwenda kulala. Akaongeza na Stoichkov. Hagi na Stoichkov, wote wawili, kwa Salenko mmoja. Nyuma yangu mtu akapiga mluzi.

Nami nikasema tena, "Milla."

Ningependa kusema niliona mbele. Kwamba nilijua Salenko hataichezea tena Urusi baada ya mashindano yale, au kwamba Milla, aliyeingia mwanzo wa kipindi cha pili timu ikiwa nyuma kwa matatu na kufunga papo hapo, alikuwa ameweka rekodi ya mfungaji mzee kuliko wote wa Kombe la Dunia, rekodi ambayo hata mashindano ya 2022 yaliiacha salama. Sikujua lolote kati ya hayo. Nilitaka kiuno kile kwenye kibendera cha kona, basi.

Benki aliinua mabega. Tulibadilishana kwa kanuni yetu: kila mmoja anashika zote mbili, wanahesabu hadi tatu, wanaachia. Mkono ukiachia imepita, huwezi kurudi kulia. Vicheko vilianza kabla sijafika mlangoni. Aliyetupa Hagi na Stoichkov kwa babu, walisema, na jina la Babu likanikaa mpaka mwisho wa mwaka.

Jioni ile nilijuta, sitaficha. Nililala juu ya kitanda nikafungua daftari, nikafuta tatu, nikaandika moja kwenye mstari wa Salenko, na nilipoandika Milla mkono ulikuwa mzito. Stoichkov peke yake angenipatia karibu timu nzima ya Bulgaria. Nikaigeuza kadi ili nisiione picha. Nyuma palikuwa na urefu, uzito, klabu, na tarehe ya kuzaliwa: 20 Mei 1952.

Nikahesabu kwa vidole. Nikahesabu tena, kisha nikaenda sebuleni.

Baba alikuwa ameketi, goti limenyooshwa juu ya kigoda.

"Baba, wewe ulizaliwa 1954?"

"Ndiyo. Kuna nini?"

Nikampa kadi. Aliishika kama Benki, kwa kingo, jambo lililonishangaza kwa sababu hakuna aliyemfundisha. Akasoma nyuma, akageuza mbele, akasoma tena nyuma, akiisogeza mbali kidogo na macho.

"Huyu si ndiye aliyemnyang'anya yule kipa?"

"Ndiye. Jana amefunga tena."

"Jana hii?"

"Aliingia baada ya mapumziko, dakika hiyo hiyo akafunga. Lakini walifungwa sita."

Habari ya sita haikumshughulisha. Alikaa kimya, kadi ikiwa juu ya paja, halafu akashusha mguu kutoka kwenye kigoda, taratibu, akaukunja na kuunyoosha mara mbili tatu kama mtu anayejaribu bawaba ya mlango.

"Amenizidi miaka miwili," akasema.

Nilingoja anirudishie kadi. Hakurudisha. Alinipa kesho yake asubuhi, wakati wa chai, akaniuliza kama kuna mechi siku hiyo na itaanza saa ngapi.