Siku Moja ya Fundi wa Mashua Matondoni

Saa kumi na moja na nusu, baada ya sala ya alfajiri, nakuwa nimefika bandani. Kijiji chetu kiko upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, na kazi yetu ni kuunda vyombo. Jumapili zingine tunashindana navyo.

Mpaka saa mbili ni tezo, randa na misumari. Kila tundu hutobolewa kwanza kwa keekee, msumari ukafungwa uzi wa pamba shingoni, ndipo unapopigiliwa; ukiuruka uzi huo, maji yatapita papo hapo. Kisha chai, mahamri na mbaazi.

Saa tatu akaja mteja kutoka mjini. Anataka mashua ya kutembeza watalii, na hiyohiyo ishinde mashindano. Akanionyesha simu: boti ya kifahari ya Ulaya, nyeupe, yenye mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, mrefu uliochongoka kwenda chini, umebeba uzito wote. Nikamweleza kwamba uzito ule ndio unaoisimamisha boti ile, lakini huku maji yanakupwa na chombo hukaa juu ya mchanga. Ile ikikupwewa hapa italala ubavu. Yetu ina mkuku mrefu ulionyooka, wa kina kidogo, nayo hukaa wima kwa upana wa tumbo, farumi (mizigo ya kutia uzito chini) na watu.

"Basi ipanue zaidi, fundi, niweke magodoro."

Nikamjibu: ukiipanua, itatulia vizuri, lakini ikienda joshi, upande unakotoka upepo, itakokota maji na wenzako watakupita. Akakubali. Kisha akataka mchoro. Hapa ndipo watu wa nje wanapotudharau, wakidhani pasipo karatasi hakuna hesabu. Hesabu ipo: urefu wa mkuku ukishajulikana, upana, kimo cha gubeti, yaani pua ya chombo, na mwinamo wa fashini, mti wa nyuma unaoinuka kutoka mkukuni, vyote hufuata, kwa kamba na shubiri. Taruma, ubavu wa ndani wa chombo, halilazimishwi kupinda. Hutafutwa mti uliopinda wenyewe, na fundi huijua sehemu yake chomboni mti ungali msituni. Nilijifunza haya kwa baba yangu, naye kwa baba yake.

Hakuchoka. Akaomba tuache mbambakofi, mbao ngumu, kwenye mkuku, tutie mbao rahisi, bei ishuke. Nikakataa katakata. Wadudu wa baharini hutoboa mbao laini, na watakaozama ni abiria, si bei. Alipoondoka adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa, mikono yangu haijagusa tezo tangu aje, na vijana wawili wamekaa wakinisubiri.

Mchana sina saa za kuwahesabia. Maji yalikuwa yamekupwa, na jahazi la mzee mmoja lilikuwa limeegemezwa mchangani likingoja kalafati, kuzibwa nyufa za mbao, nayo haina subira: bahari ikirudi, umechelewa. Ukiwa umelala chali chini ya ubao, unashindilia pamba yenye mafuta kwa patasi, mafuta yanakudondokea machoni, mchanga umejaa mgongoni, shingo imekakamaa. Tulimaliza maji yakitulowesha miguu. Mabega yaliuma hata kuinua kikombe.

Lakini Maulidi yamekaribia na kusi, upepo wa kutoka kusini, inavuma, kwa hiyo jioni lazima mazoezi. Mashua yetu ya mashindano niliiunda mwenyewe, na nahodha wake ni mimi. Upepo ukizidi, vijana hutoka kwenye ubao upande wa joshini na magunia ya mchanga huhamishwa haraka. Tukibisha, yaani tukigeuza chombo dhidi ya upepo, foromali, mti unaobeba tanga, husimama wima, tanga likapitishwa mbele ya mlingoti. Akichelewa mtu mmoja tu, chombo kinakwama kwenye upepo. Leo tulibisha vizuri kila mara. Safari hii gubeti nililiinua kidogo, na kweli mashua haizamishi pua tena. Nilifurahi, uchovu ukasahaulika kwa muda.

Usiku mteja akapiga simu. Amekubali upana niliomwambia na mbambakofi kwenye mkuku, ila bado anadai mchoro. Nimemwambia aje Jumamosi, mkuku utakuwa umelazwa juu ya magogo, nimpimie kwa kamba mbele ya macho yake.