Keki ya Beit al-Ajaib

Nilipoombwa keki ya harusi yenye umbo la Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash huko Unguja mwaka 1883, nilianza na rula kabla ya unga, kwa sababu picha ya zamani iliyopigwa upande wa baharini ndiyo iliyonipa uwiano wa ghorofa, roshani na mnara wa saa. Mnara huo, ulioongezwa baada ya Waingereza kuishambulia Unguja kwa mizinga mwaka 1896, uliporomoka Desemba 2020 pamoja na sehemu ya jumba, nami nilitamani sana usimame tena, hata kama ni mezani tu.

Kazi kubwa ni nguzo. Za jumba lenyewe ni za chuma. Zangu ni vijiti vya mbao vilivyovikwa sukari ya kufinyanga na kukaushwa katika chumba chenye kiyoyozi, maana unyevu wa pwani huilainisha sukari upesi. Kila ghorofa hukaa juu ya kibao chembamba kinachobebwa na vijiti vilivyopenya keki ya chini hadi kwenye sinia, ili uzito usiielemee keki yenyewe. Keki nzito ya siagi, ikishalala kwenye friji, huchongeka bila kumomonyoka. Mnara niliusafirisha peke yake, nikausimika ukumbini.