Usiku wa Kilugha Kibanda Umiza

Juni 2005 nilikuwa darasa la tano, kijijini kwetu Magu. Mwezi mmoja kabla ya likizo nilivishwa kibao shingoni kwa kumwamkia binamu yangu "mwangaluka" mbele ya kiranja. Kilugha kilikuwa marufuku shuleni. Ukivaa kibao, njia ya kukivua ni kumnasa mwenzako akiongea Kisukuma, umvishe yeye. Sikumnasa mtu. Nilikaa nacho hadi kengele ya mwisho, nikachapwa.

Likizo ilipoanza, binamu huyohuyo alinilipia kibanda umiza pale senta. Kuta za magunia, mabenchi ya mbao, jenereta linaunguruma nyuma. Filamu ilikuwa Windtalkers, ya mwaka 2002, stelingi Nicolas Cage. Mtafsiri alikaa kando ya runinga na maikrofoni yake, akitutafsiria kila kitu, hata milio ya risasi.

Tulikuwa kisiwa cha Saipan, 1944, Wamarekani wakipigana na Wajapani katika Vita vya Pili vya Dunia. Mizinga inaporomoka, askari wanakufa. Ndipo Ben Yahzee, askari wa Kimarekani wa kabila la Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, akashika redio na kuongea lugha ambayo mtafsiri wetu hakuijua. Kibanda kizima kikamgeukia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Hapo jamaa anaongea kilugha cha kwao. Mjapani anasikia, lakini haambulii kitu!"

Watu walipiga makofi. Mimi nilishika shingo yangu, pale kamba ya kibao ilipokuwa. Sikuwahi kusikia neno "kilugha" likishangiliwa.

Nilimlilia sana Whitehorse, Mnavajo wa pili. Wajapani walipomkamata, Cage, aliyekuwa mlinzi wa Yahzee, alirusha bomu lililomuua pamoja nao, eti siri ya msimbo wa Kinavajo isitoke. Jeshi la Marekani limekana kwamba iliwahi kuwapo amri ya namna hiyo. Nilipokuja kuirudia filamu ukubwani, niliumia zaidi kuona kwamba hata kifo kile kiliwekwa ili tumwonee huruma Cage. Saa mbili na zaidi tunauguza majeraha ya moyo wake, na wenye lugha wanamsindikiza. Adam Beach, aliyeigiza Yahzee, si Mnavajo hata. Roger Willie, aliyeigiza Whitehorse, ndiye Mnavajo.

Kazi yenyewe, ambayo filamu iliigusa juujuu tu, ndiyo ningekesha nikiitazama. Mwaka 1942 vijana 29 wa Kinavajo walikaa kambini California wakaunda msimbo ndani ya lugha yao. Kifaru wakakiita kobe. Nyambizi, samaki wa chuma. Bomu la kurusha kwa mkono, kiazi. Bomu la ndege, yai. Kwa hiyo hata Mnavajo asiyefundishwa msimbo angesikia habari za viazi na mayai tu. Pale kisiwani Iwo Jima, 1945, Wanavajo sita wa msimbo huo walipitisha ujumbe zaidi ya 800 katika siku mbili za kwanza bila kukosea. Wakarudi nyumbani na siri yao, wakakatazwa kuisema hadi 1968. Chester Nez, wa mwisho kufariki kati ya wale 29, mwaka 2014, alisimulia kwamba utotoni, katika shule ya bweni ya serikali, alisuguliwa mdomo kwa sabuni kwa kuongea Kinavajo. Niliposoma hayo nilifunga kitabu, nikatoka nje.

Lakini usiku ule wa Magu sikuyajua yote haya. Nilijua tu kwamba kuna watu vitani waliopewa redio kwa sababu ya kilugha chao. Tulirudi kwa miguu, mwezi umetoka, pamba imepasuka pande zote za njia. Binamu akasema na sisi tuwe na maneno yetu. Kiranja tukampa jina la bundi. Kibao, jembe. Bomu tukaliita numbu, yaani viazi kwa Kisukuma, ingawa wakati huo hatukujua kwamba Wanavajo nao walichagua kiazi.

Tulipokaribia kwa bibi, binamu akapiga kelele, "Numbu!" Sote wawili tukajitupa kifudifudi katikati ya pamba.