Siku moja maishani mwangu: fundi wa tramu za umeme, yale mabehewa ya abiria yanayopita relini mjini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi natoka Portland na chupa yangu ya chai, naelekea Kennebunkport, hapahapa jimbo la Maine, Marekani. Karakana yetu iko Seashore Trolley Museum, makumbusho ya tramu. Makumbusho yalianza 1939, kampuni ya tramu ya Biddeford na Saco ilipokuwa inahamia kwenye mabasi, wapenzi wa tramu wakatoa dola 150 wakaichukua moja isije ikavunjwa. Hiyo namba 31 ipo mpaka leo.

Saa mbili naanza na mbao. Nguzo ya dirisha imeoza chini, kama shubiri moja hivi, na kuna watakaokwambia ng'oa yote weka mpya, mie siafiki kabisa. Nagonga kwa mpini wa patasi nikisikiliza, palipooza hapalii, nakata hapo tu kwa mshazari, naunga mti wa aina ileile, gundi, jiriwa, basi. Huko juu pameshikwa na mikono ya abiria miaka mia na zaidi, utapanunua duka gani?

Saa nne, gundi ikikauka, nahamia tramu ya pili, inashtuka ukiiondoa. Nafungua kontrola, kile kisanduku cha dereva cha kuongezea na kupunguza umeme wa mota. Humu ndani ndo raha yangu! Mwanzo mota mbili zinafuatana kwenye waya mmoja, zinagawana volti 600 kila moja 300, ukizidi kuzungusha mkono wa kontrola zinaachana kila moja inapata 600 zake, yote kwa vipande vya shaba tu vinavyogusana. Hatua ya pili shaba imeungua, kidole chake cha chuma hakiigusi vizuri. Spea haziuzwi, nachonga kipande kipya, napiga tupa, msasa, napima, napiga tupa tena, mpaka saa saba.

Chakula wali na maharage ya nazi. Nyanya yangu Mombasa alikuwa akisimulia vigari vya relini vilivyokuwa vikisukumwa na watu mjini, alivyosimuliwa na babake. Mie nimeviona kwenye picha tu. Nadhani ndo maana nafanya kazi hii.

Saa tisa tunaitoa. Mzee ninayefanya naye kazi anapandisha ile nguzo ya paani ya kuchukulia umeme mpaka waya wa juu, kompresa inaanza tuku-tuku-tuku, tunangoja upepo wa breki ujae, bila huo hatusogei. Anakanyaga kengele mara mbili. Hatua ya kwanza, ya pili, nimebana pumzi, ya tatu. Haikushtuka.