Jinsi nilivyoondoa madoa ya kutu kwenye fuwele za kalsaiti
Fuwele zangu za kalsaiti, yaani madini yanayounda chokaa, zilizotoka katika mawe ya chokaa ya Kilwa, zilikuwa na madoa ya kutu yaliyoachwa na udongo mwekundu, na kwa kuwa kalsaiti huliwa hata na siki au maji ya limau, sikutaka kuigusisha asidi ya aina yoyote.

Dawa niliipata hapa Lindi mjini kwa watengenezaji wa batiki, nayo ni unga uitwao sodiamu haidrosalfaiti. Katika lita 1 ya maji niliyeyusha gramu 8.4 za sodiamu baikaboneti na gramu 5.9 za sodiamu sitreti, kisha gramu 17.4 za haidrosalfaiti, nikazamisha fuwele na kufunika chombo, kwa sababu hewa huudhoofisha mchanganyiko upesi. Haidrosalfaiti huigeuza kutu iweze kuyeyuka, sitreti huishika chuma isirudi juu ya jiwe, na baikaboneti huzuia uchachu, jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha njia hii. Kazi ifanyike nje, kwani mvuke wake hukera mapafu.

Kesho yake madoa yalikuwa yametoka, nami nikazisuuza fuwele kwa maji safi mara nyingi. Jasi, ambayo ni madini mengine, nisingeiloweka hivyo, kwa kuwa maji yenyewe huiyeyusha kidogo kidogo.