Siku Tuliyocheza kwa Kanuni za 1869

Chuo kimoja cha New Jersey kilipotaka kuwaonyesha wanafunzi wake jinsi soka ya Kimarekani ilivyoanza, hakikuita waamuzi wa ule mchezo wa helmeti. Kilituita sisi tunaochezesha ligi za wahamiaji siku za wikendi. Walifanya la maana. Msimu wa kwanza wa vyuo ulikuwa na mechi mbili tu, zote kati ya vyuo vya Rutgers na Princeton, na mtu wa Kariakoo angezitazama kwa muda mrefu akidhani ni kabumbu, mpaka aone mchezaji wa kati anaupangua mpira kwa ngumi na refa ananyamaza.

Asubuhi ilikwenda kwenye kupima uwanja. Kanuni za Novemba 6, 1869, Rutgers walipowakaribisha Princeton mjini New Brunswick, zilitaka urefu wa futi 360 na upana wa futi 225. Hiyo ni karibu mita 110 kwa 68 na nusu, kwa hiyo mistari ya uwanja wa kawaida inapotosha: upana unaonekana sawa, urefu unapungua. Tulianza upya kwa vigingi na kamba. Kwenye kona unapima futi 30 upande huu, 40 upande ule, na kamba ya kukatisha ikisoma 50 kamili, pembe yako ni mraba. Baada ya hapo unapima kona hadi kona, na njia zote mbili lazima zisome futi 424 na nusu. Zetu hazikulingana, kwa sababu futi kamba ya kitambaa hurefuka ikivutwa na watu wawili wenye nguvu. Ilipoletwa ya chuma, zikakubali.

Goli lilitakiwa liwe na upana wa hatua nane. Hatua za nani, kanuni hazisemi. Tukihesabu futi tatu kwa hatua tunapata futi 24, sawasawa na goli tunalolijua, na sishangai, maana vijana wale walikuwa wameazima mengi kutoka kanuni za soka za London za 1863. Nguzo ni mbili tu, hakuna mtambaa panya, wala wavu. Hapo ndipo kazi ya mwamuzi inapokuwa ngumu: mpira ukipita juu ya kichwa cha nguzo, aliyesimama mbele hawezi kujua umepita ndani au nje. Dawa yake ni mtu mmoja nyuma ya kila goli, jicho limelala kwenye nguzo moja. Waliotunga kanuni walitaka majaji wanne na marefa wawili, na kufikia saa sita mchana hakuna kati yetu aliyeona kwamba sita ni wengi.

Mpira ulikuwa wa ngozi, wa kufunga kwa kamba, na ndani una kibofu chenye shingo. Unapuliza, unakunja shingo, unaifunga kwa uzi, unaisukuma chini ya ngozi, kisha unakaza kamba kwa ndoano. Shingo isipolala vizuri inaacha nundu, na mpira wenye nundu ukiviringika unakwenda kushoto hata kama hukuupiga kushoto. Mwaka 1869 taabu ilikuwa ileile. Mechi ilisimama mara kadhaa wakaitisha kifunguo kidogo cha kufungulia mdomo wa mpira, wakapokezana kuupuliza. Wa mwisho alikuwa anachoka, basi unarudishwa uwanjani hivyohivyo, kombo.

Kila upande ulikuwa na watu 25. Rutgers waliwapanga hivi: wawili wanakaa karibu na goli la adui muda wote, maana kuotea hakukuwepo, 11 wanalinda nusu yao, 12 waliobaki, walioitwa mabuldogi, wanakimbia na mpira popote ulipo. Kwenye karatasi ni mpango mzuri. Uwanjani, wanafunzi wetu walikaa kwenye nafasi zao kwa dakika chache tu, kisha wote 50 wakawa rundo moja.

Rundo hilo lililishwa na kanuni yenyewe. Kushika mpira na kukimbia nao, au kuurusha, ilikuwa kosa, na upande uliokosea ndio uliopaswa kuurusha mpira juu wima. Hebu fikiria watu 50 wamesimama chini ya mpira unaoshuka. Anayeupata ni mrefu, si hodari. Kanuni ya mpira wa pembeni ilituchanganya zaidi: ukitoka kwenye mstari wa ubavuni, unarudishwa kwa mguu na upande uleule uliotoa. Macho yaliyozoea mpira wa kurusha yanakataa kabisa. Baada ya muda mfupi mabeki walikwisha igundua, wakawa wanabutua nje kwa makusudi, wanapumua, kisha wanaanzisha wenyewe. Kanuni ikiwa na tundu, mchezaji hulipata kabla ya mwamuzi.

Kimo ndicho kilichokuwa silaha ya Princeton. Walikuwa wakubwa wa miili, na kila mpira wa juu waliupiga kwa mkono. Matokeo yalipokuwa 4-4, nahodha wa Rutgers, William Leggett, aliwaambia wenzake waushushe mpira chini, wapige pasi fupi za majani. Wakafunga mawili, ikaisha 6-4. Walihesabu mabao, si dakika. Tulipowapa wanafunzi wetu wafupi agizo hilohilo, rundo lilifunguka mara moja, kwa kuwa mtu mrefu akilazimika kuinama mkono wake haumsaidii tena.

Baada ya mapumziko tulihamia kwenye kanuni za mechi ya pili, ya Novemba 13, iliyochezwa nyumbani kwa Princeton na kwa matakwa ya Princeton. Badiliko lenye uzito lilikuwa moja: anayeudaka mpira hewani, au baada ya kudunda mara moja, anapewa nafasi ya kuupiga bila kusumbuliwa. Kifungu kimoja tu, na mchezo mwingine kabisa. Hakuna aliyetaka tena mpira wa chini. Kila mtu alibutua juu kumtafuta mwenzake mrefu, akadaka, akapiga tena juu, hatua kwa hatua mpaka golini. Pasi za majani zilikufa. Ukiona hivyo kwa macho yako, yale 8-0 ya Princeton hayahitaji maelezo marefu ya nani alikuwa na kikosi bora. Mwenyeji alichagua kanuni, mwenyeji akashinda, wiki mbili mfululizo.

Mechi ya tatu ingeamua, lakini haikuchezwa. Inasemekana walimu waliona michezo imeanza kula masomo. Miaka michache baadaye vyuo viligeukia raga: Harvard walicheza raga na McGill, chuo cha Kanada, mwaka 1874, na 1876 vyuo vikakutana mjini Springfield kukubaliana kanuni za namna hiyo. Pasi fupi ya Leggett haikubaki popote katika mchezo wao wa leo. Kudaka kwa Princeton kuna ndugu yake aliye hai: anayengoja mpira wa juu hupunga mkono, na wapinzani wanalazimika kumwacha adake.